Mkate wa Baga Haufunikwi kwa Kanga Mpya

Nyinyi vijana mnaonunua mikate ya baga dukani, ile inayokaa mfukoni wiki nzima na ukiibonyeza inanyanyuka kama godoro la hoteli, hebu niambieni: mnakula mkate au mnakula sponji? Mkate wa kweli ukiubonyeza unabonyea, unarudi pole pole, na ukiuweka siku mbili tatu unaanza kununa. Kitu kisichooza mimi sikitii tumboni.

Naitwa Bi Mwajuma. Hapa mtaani Malindi ukiuliza nyumba ya Bi Mwajuma wa Mikate utaletwa mpaka mlangoni, na huyo aliyekuleta hataondoka mpaka naye apewe kitu. Nimeoka tangu nilipokuwa na kiuno, na sasa kiuno kimekwenda zake. Boflo nimeoka, mofa nimeoka, skonzi nimeoka mpaka nikaziota. Baga zilipoingia mjini na watoto wakaanza kuyatazama maandazi kama dawa, nikasema haya, nazo tutazioka. Skuli nilikwenda kidogo. Mwalimu alinichosha, na mimi nikamchosha, tukaachana kwa wema. Kusoma nilijifunzia kwenye kanga, nikiwafuata watu wazima njiani na kuwasoma makalioni kwa sauti. Makofi nilipata mengi, lakini herufi zilinikaa.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Kazi kairithi mjukuu wangu Salha, anaoka na kuuza baga barazani kwetu, na mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki namwambia anapokosea. Kazi hii ya pili naiweza kuliko ile ya kwanza.

Haya, sogeeni. Unga mweupe vikombe vinne. Hamira vijiko viwili vya chai vilivyojaa kidogo, sukari vijiko vitatu vya kulia, chumvi kijiko cha chai, yai moja, siagi kadiri ya hilo yai. Maziwa ya uvuguvugu kikombe na robo. Mimi nusu yake hutia tui zito la nazi, na asiyependa na akaoke kwao. Uvuguvugu maana yake uchovye kidole usione baridi wala usione moto. Ukichovya ukasema "Yallah!" basi hamira ushaiua, na mkate wako utakuwa tofali.

Siagi usiitie mwanzo. Unga kwanza ukubaliane na maziwa, kisha siagi iingie kidogo kidogo kama mgeni mwenye adabu. Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Alinifundisha Bi Shirin, mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa akioka nyumbani kwake hapa hapa Malindi na kuwauzia watu wa bandarini. Mwanamke mfupi, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko, na ulimi wake Mungu ndiye anayeujua. Siku ya kwanza alinikuta naupiga unga ngumi.

"Mwajuma, unga umekukosea nini?"

"Haujanikosea, Bi Shirin."

"Basi mbona waupiga? Usukume, uukunje, uugeuze. Kama unambembeleza mtoto akaoge."

Mkate wangu wa kwanza aliuchukua akaugonga mezani, ko, ko, ko, kisha akasema, "Karibu!" Na mimi kwa ujinga wangu nikageuka mlangoni kutazama nani kapiga hodi. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia.

Kukanda kunakwisha lini? Bi Shirin alinishika ndewe ya sikio. "Unga ukiwa laini kama hapa, wacha." Na ukitaka ushahidi zaidi, kata kijidonge, kivute kwa vidole kiwe chembamba. Ukiona mwanga upande wa pili na hakijachanika, umefika. Salha nilipomfundisha mambo ya ndewe nilisahau kumwambia ashike ya nani. Akashika yangu. Sasa mimi ndewe zangu zimebeba vipuli vya dhahabu tangu ujana, zimelegea mpaka zinapiga shingo. Mtoto akawa anatafuta ulaini ule, anaongeza maziwa, ananishika sikio, anaongeza maziwa, ananishika sikio. Tukapata uji. Tuliunywa.

Kuumuka nako kuna visa vyake. Musimu wa kaskazi, joto lile la mji wetu, unga hauna subira hata kidogo. Siku moja niliuacha kwenye beseni, nikauweka mfuniko, nikaenda kutoa mkono wa taazia kwa jirani aliyefiwa. Kurudi, naona mfuniko uko chini, beseni limemwaga, na paka aliyekuwa amelala ubavuni pake hayupo. Nikasikia ukelele uchochoroni. Paka alikuwa anatembea kwa raha zake, kavaa unga mgongoni, na jua linampiga, na unga unazidi kuumuka juu yake. Mama mmoja alikuwa kajibana ukutani, kadhani kaona jini, anasoma kila dua aijuayo. Nilimkimbilia yule paka na mwiko. Jambo la kushika hapo ni hili: wakati wa joto punguza hamira na usiende taazia.

Ukishaumuka mara ya kwanza, ukandamize utoke hewa, ukate madonge kadiri ya ngumi ya mtoto. Kila donge likunje kingo zake kwa ndani, kisha liviringishe mezani chini ya kiganja, na hapo mezani pasiwe na unga, ili lishike na ngozi yake ivutike. Donge lisilovutwa ngozi hutanuka pembeni, ukapata chapati yenye kiburi. Liache linenepe tena. Paka yai na maziwa juu. Zamani tukioka kwenye pipa la makaa, nilikuwa narusha kichopa cha unga ndani: ukigeuka mweusi papo hapo, moto mkali, ngoja, ukigeuka kahawia taratibu, ingiza. Siku hizi Salha ana oveni ya gesi yenye kioo, anakaa mbele yake kama anatazama tamthilia. Nikimuuliza anasema, "Bibi, huyu wa kushoto ananenepa!" Nimemwacha. Kila mtu na burudani yake.

Lakini siri ya ulaini haiko ndani ya oveni, iko nje. Mikate ikitoka motoni usiiache wazi ikapigwa na upepo, ngozi yake itakauka. Ipange ubaoni, ifunike na kitambaa, mvuke wake uirudie. Na kitambaa chenyewe kiwe kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka imesahau rangi yake. Hili la ukuukuu ndilo nililotaka kukuambieni tangu mwanzo, maana karibu mjukuu wangu akose mume.

Mwaka jana friji yangu iliharibika. Akaja fundi, kijana wa kisiwani Tumbatu, Haji, mpole, ana meno mazuri. Friji ilipona siku ile ile, lakini fundi akawa haishi kuja kuitazama. Mimi nimeoka mikate maisha yangu yote, kitu kinachoumuka nakijua. Nikamuuliza Salha, akakubali. Haji naye akakubali. Asiyekubali alikuwa mama yake, Bi Mize, na Haji alisema wazi kwamba bila ya radhi ya mama yake haoi. Bi Mize alikuwa na neno moja tu: "Sitaki mkaazamwana wa mjini. Wa mjini ana kucha, hana mikono."

Kwa kubembelezwa sana akasema atakuja mara moja, ale chakula cha mchana, amtazame msichana. Akiondoka na uso mzuri, posa italetwa. Akiondoka kanuna, basi tena.

Salha akaniambia, "Bibi, nitampikia baga."

"Baga! Mwanamke atoke Tumbatu avuke maji aje apewe baga? Pika pilau."

"Pilau kila mtu atampa. Mimi kazi yangu baga. Akinikataa na anikatae na baga zangu."

Niliona kichwa kile ni changu, nikamwachia. Tulikubaliana kitu kimoja: nyama ya ng'ombe isiwepo, ziwe kababu za jodari, chakula cha kisiwani kwao, na mikate ikae sinia lake, kababu sinia lake, kila mtu ajipangie mwenyewe.

Sasa siku hiyo alikuja kusaidia wifi yangu, Bi Time, dada wa marehemu mume wangu. Bi Time alikuwa na vita na jirani yake, mwanamke anayekuja kula kwake kila siku kisha akitoka humsema mtaa mzima. Kwa hivyo alikuwa kajinunulia doti ya kanga, nyeupe ya maandishi mekundu, mpya inanuka duka, haijaguswa maji, maana alitaka maandishi yaonekane vizuri. Yalisema hivi: MNAKULA KWANGU MNANISEMA KWENU. Upande mmoja kajifunga kiunoni, upande wa pili kajitanda. Alipita mbele ya mlango wa jirani mara nyingi kuliko haja ilivyokuwa.

Mikate ikatoka. Minane, mizuri, imevimba mashavu. Salha akaipanga ubaoni safu moja akaenda kuoga. Mimi nipo nyuma nasaga chatne ya nazi. Nikapiga kelele, "Mtu aifunike mikate!"

"Nshaifunika, wifi!" akajibu Bi Time.

Nilimshukuru! Wallahi nilimwambia ahsante.

Nilipokuja nikainua kile kitambaa, nilidhani macho yangu yana mtoto wa jicho. Mvuke ulikuwa umeirowesha kanga mpya, na kanga mpya ikaachia rangi yote iliyokuwa nayo, ikapenya upande wa pili. Kila mkate ulikuwa na herufi zake usoni, nyekundu, wazi kama bango. Wa kwanza MNA, wa pili KULA, wa tatu KWA, wa nne NGU, na kuendelea mpaka mwisho.

"Bi Time! Umefunika na nini?"

"Na kanga niliyojitanda. Si umesema ifunikwe?"

"Kanga hii?"

Akautazama mkate, akautazama tena. "Lakini rangi imependeza, wifi. Kama keki."

"Mgeni anakuja kula kwetu, na mkate unamwambia anakula kwetu anatusema kwao!"

"Hatojua kama anaambiwa yeye."

"Na hapa atakula nani mwengine? Paka?"

Salha akatoka kuoga, akaiona, akaanza kulia na uso bado una sabuni. Unga mwengine wa kukanda ulikuwepo, wakati haukuwepo, maana hapo hapo tukasikia chini, "Hodi wenyewe!" na sauti ya Haji ikisema, "Mama, angalia ngazi."

Mtu wa kazi hufikiri kwa mikono. Mikono yangu ikachukua asali, ikachukua ufuta. Nilipaka asali kila mkate, nikaumwagia ufuta mpaka herufi hazionekani. Mikate ikawa kama imevaa makoti. Nikaifunika kawa. Nikamwambia Bi Time, "Wewe ukae kimya. Hata ukitaka kupiga chafya, toka nje."

Bi Mize akaingia na dada yake, Bi Mwatima. Haji kabaki barazani. Bi Mize ni mwanamke mrefu, mgongo umenyooka kama nguzo, na macho yake yanapita chumbani kama anakagua mashua. Salha akampa shikamoo na mkono. Bi Mize akaushika ule mkono, akaugeuza, akatazama kucha. Zilikuwa fupi. Akauachia.

Tukakaa mkekani. Kawa likainuliwa.

"Hii ndiyo baga?" akauliza.

"Mkate wake huu, kababu yake hii. Karibu."

"Ufuta mwingi. Mmevuna nyinyi?"

"Kwa heshima ya mgeni," nikasema.

Basi mwenzangu, kumbe Bi Mize hakuna anachokipenda duniani kama ufuta. Badala ya kuula mkate, akaanza kuudonoa kwa ncha za vidole, punje punje, kama kuku. Donoa, tafuna, donoa, tafuna. Mimi nazungumza habari za hali ya hewa. Nikamsukumia kababu, akasema "Nakuja huko," akadonoa. Mara vidole vyake vikasimama.

"Bi Mwajuma."

"Naam."

"Mkate wangu umeandikwa NISE."

"Hiyo alama ya moto, dada yangu."

"Moto wenu umekwenda skuli?"

Bi Mwatima naye akafuta ufuta kwenye wake kwa kidole gumba. "Wangu mimi unaniambia KULA."

"Basi kula!" nikamwambia upesi.

Akautia mdomoni, Mungu ambariki. Lakini Bi Mize alishaanza kuikwangua iliyobaki sinia zima, na kila anapokwangua anailamba asali kidoleni, na kila anapolamba anaipanga mikate mkekani. Akaweka MNA, akaweka NGU, akaweka KWA. Haileti maana. Nikaanza kupata matumaini.

"Hapo mmekosea," akasema Bi Time. "KWA inakuja kabla ya NGU. Na hapo katikati pana KULA, yule dada anaitafuna."

Nilimfinya paja. Nilimfinya kwa vidole vilivyokanda unga miaka yote ile. Akaruka, akasimama, na alipogeuka mgongo maneno yote tukayaona hapo nyuma yake, mazima, kwenye ule upande wa kanga aliojifunga kiunoni. Bi Mize akanyoosha kidole.

"Simama hapo hapo. Usigeuke."

Akasoma pole pole, neno kwa neno, akiitazama mikate mkekani na kumtazama Bi Time nyuma. MNAKULA. KWANGU. MNANISEMA. KWENU.

Bi Mwatima kaacha kutafuna, shavu limejaa. Salha kafumba macho. Mimi nikaanza kuokota punje za ufuta mkekani.

Bi Mize akageuka, tena si kwangu. Akamgeukia dada yake.

"Si nilikwambia useme pole pole! Dereva ana masikio, kawafikishia!"

Bi Mwatima akameza kwa nguvu. "Mimi? Wewe ndiye uliyesema hawajui kupika, watatununulia chipsi!"

"Nilisema ndani ya gari. Uliyesema kwenye mashua mbele za watu nani? Uliyesema bibi yake anajidai nani?"

"Anajidai kweli lakini!"

Nikaona mlango umefunguliwa, na mimi mlango ukiwa wazi siombi ruhusa. Nikanyamaza kama mtu anayejua kila kitu. Nikajifuta mikono taratibu. Nikasema, "Basi sisi hatukutaka kusema kwa mdomo."

Salha akafumbua macho akaniharibia. "Bibi, la. Bi Mize, mimi nisamehe. Mikate nimeoka mimi. Hayo maandishi hayakukusudiwa nyinyi. Kanga mpya imechuja rangi, bibi akaficha kwa ufuta. Ugomvi ni wa Bi Time na jirani yake. Mimi nilichotaka ni wewe uujue mkono wangu tu."

Nilitaka kumfinya na yeye. Bi Mize akachukua ule mkate wake wa NISE, akaupasua. Ukapasuka kama pamba, nyuzi nyuzi, mvuke wa mwisho ukatoka na harufu ya tui. Akaweka kababu ya jodari, akaweka chatne, akafunika. Akala. Alikula wote, kisha akala na wa pili, MNA, na mafuta yakimtiririka mkononi akayalamba mpaka kwenye kifundo.

"Mkono anao," akamwambia dada yake. "Na mdomo wa ukweli anao. Huyo bibi yake ndiye wa kuogopa."

Bi Time peke yake ndiye aliyekuwa bado kasimama mgongo. "Nnaweza kugeuka sasa?"

Kuhusu rangi, hakuna aliyeumwa, ingawa Bi Mwatima aliteremka ngazi na ulimi mwekundu kama katafuna tambuu. Bi Mize alipofika mlangoni alinishika bega. "Bi Mwajuma, nikifika kwetu nitakusemeni tena. Lakini safari hii nitasema vizuri." Nikamwambia na aseme, mimi sijawahi kusemwa vizuri, nataka nione ladha yake.

Basi shikeni hilo la kanga kuukuu, na kama hamna, tumieni taulo jeupe la pamba. Sikilizeni watu wanaojua. Posa ililetwa Ijumaa iliyofuata, na siku moja kabla yake Haji alikuja na salamu za mama yake. Alisimama mbele yangu, anatazama chini, anaona haya kuzisema.

"Sema, mwanangu."

"Mama anasema wazee watakuja na jamaa wote. Anaomba iwe mikate ile ile." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Anasema ufuta punguzeni, watu wa kwetu wanataka kusoma."